Karanga na Chumvi, Basi

Mtaa mzima ulimwita Mama Siagi, na ukimwita kwa jina lingine hageuki. Nyuma ya nyumba alikuwa na chumba kimoja cha kazi, sakafu ya saruji iliyofagiliwa mpaka inang'aa, dirisha lenye wavu wa kuzuia nzi, na katikati, imekazwa kwa boliti kwenye meza nzito ya mbao, mashine yake ya kusagia karanga. Ilikuwa mashine ya zamani, ya mawe mawili. La chini limetulia, la juu linazungushwa na mota. Karanga zilizokaangwa zinaingia juu, siagi inatoka pembeni kwenye ulimi wa bati, nzito, ya hudhurungi, na harufu yake inakufuata mpaka barabarani. Watu wakimwuliza anaitia nini mbona tamu hivyo, anainua kidole juu: "Karanga na chumvi, basi!"

Hilo "basi" alilitamka kwa kishindo, maana lilikuwa dongo kwa wenye maduka. Wenzake, alisema, wanatia sukari, wanatia mafuta yasiyojulikana yametoka wapi, wanatia vitu vyenye majina ya kumvunja mtu ulimi. Yeye hatii. Mjukuu wake Kipusa, aliyeshinda naye humo chumbani kutwa, alilidaka neno hilo kabla hajajua hata kuvaa viatu mwenyewe. Mteja akichungulia tu mlangoni, katoto kanapaza sauti kutoka kwenye kigoda chake: "Karanga na chumvi, basi!" Mteja anacheka mpaka anashika mbavu, halafu anachukua kopo la pili ambalo hakulikusudia.

Ndiyo maana Kipusa alipoanza kunyamaza, bibi yake alikuwa wa kwanza kuliona hilo.

Mwanzoni alidhani mtoto kanuna tu. Watoto nao wana siku zao. Lakini kununa gani huku kusikokwisha? Tumbo likawa linamsokota, choo kinagoma, usiku analia na mchana amejikunyata pale kwenye kigoda, rangi imemtoka usoni. Halafu yakaanza mambo ya ajabu. Unamwambia lete kijiko, analeta kikombe. Unamwonyesha paka aliyemjua tangu kuzaliwa, anafungua mdomo kumtaja, neno haliji. Anabaki kakuangalia kama wewe ndiye uliyemnyang'anya. Jamani, mtoto aliyekuwa akiongea mpaka anaambiwa apumzishe ulimi!

Wazazi wake hawakuwa na nafasi ya kukaa naye. Baba, yaani mtoto wa Mama Siagi, alikuwa dereva wa lori la masafa, leo yupo, kesho umpigie simu. Mama yake alishona kwenye kiwanda cha nguo, anaondoka mapema na kurudi jioni miguu imevimba. Mama Kipusa na mama mkwe wake hawakuwa maadui, la, lakini kila mmoja alikuwa na lake moyoni. Mama mkwe aliona mkamwana anamremba mtoto kama mwanasesere, anamtia wanja wa unga machoni kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mkamwana aliona bibi anamdekeza mtoto kupita kiasi. Wote wawili walimpenda, hapo hapakuwa na ubishi.

Daktari wa kliniki alimpima, akasema damu ni kidogo. Akachukua nyingine ya kupeleka kwenye maabara kubwa. "Majibu yatachelewa kidogo," alisema. "Kwa sasa ale vizuri."

Ale vizuri! Hilo Mama Siagi hahitaji kufundishwa. Karanga si ndizo zinazoleta nguvu? Na siagi ndicho kitu pekee ambacho Kipusa hakukikataa hata tumbo lilipombana. Basi akampa kijiko asubuhi kabla ya chai, kijiko mchana, kijiko jioni juu ya mkate, na katikati akilialia anapewa kijiko akilambe. Mama Siagi alijipa moyo. Mtu anayekula haendi popote, alijiambia.

Simu ilipigwa mota ikiwa inaunguruma. Aliipokea kwa mkono uliojaa siagi.

"Mama, hapa kliniki. Majibu ya mtoto yametoka. Ana risasi kwenye damu, na imezidi sana. Mleteni leo hii, msingoje kesho."

Alizima mota. "Ana nini?"

"Risasi, mama. Mleteni."

Simu ikakatika. Sasa wewe unayesikia habari hii kwa utulivu unaweza kumcheka, lakini mimi sikuruhusu bado. Huyu mama tangu azaliwe neno hilo alilisikia likitembea na bunduki. Na si muda mrefu uliopita, askari walikimbiza wezi wa vyuma chakavu kwenye uchochoro ule ule, wakafyatua hewani, pa, pa, watu wakalala chini ya vitanda. Hewani! Kwani kilichorushwa hewani hakirudi chini? Alimkamata Kipusa, akamvua nguo zote pale pale mlangoni, akamgeuza huku na huku akimkagua kama mtu anayenunua nguo ya mtumba. Kwenye paja akakuta kovu dogo.

"Hapa! Mungu wangu, imeingilia hapa!"

Lilikuwa kovu la jipu, na yeye mwenyewe ndiye aliyelikamua mwaka uliopita. Lakini hofu haina kumbukumbu. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka na ndala zisizofanana. Njiani Kipusa alianza kulia, tumbo. Bibi alisimama kando ya barabara akihema, akatoa kwenye mkoba kikopo kidogo cha siagi alichotembea nacho siku zote, akamlambisha kwa kidole. Mtoto akatulia, safari ikaendelea.

Kliniki kulikuwa na foleni hadi nje.

"Nipisheni! Nipisheni jamani, mtoto ana risasi mwilini!"

Watu waliruka. Mzee mmoja aliyekuja kupimwa presha alijitupa chini ya benchi. Mlinzi akafunga geti. Nesi akatoka mbio na glavu mkono mmoja, na Mama Siagi akamshika bega: "Wewe ndiye uliyenipigia! Niambie! Nani kampiga risasi mjukuu wangu? Nani?"

Nesi alijitahidi kuuma midomo, akashindwa. Kicheko chake kikawafungulia mlango wengine wote, na foleni nzima ikacheka, pamoja na mzee wa chini ya benchi, pamoja na mlinzi. Mama Siagi alisimama katikati yao, mtoto mgongoni, hajui acheke au alie.

Nesi akamwingiza chumbani, akafunga mlango. Na humo ndani hakucheka tena.

"Nisamehe, mama yangu. Keti. Risasi ni chuma pia. Chuma laini, kizito, cha kijivu. Jina moja na ya bunduki, lakini si lazima mtu apigwe. Iko kwenye betri za magari, kwenye rangi za zamani, na kuna wanja mwingine unakuwa nayo. Mtu anaimeza kidogo kidogo bila kujua. Inakaa kwenye mifupa, inaharibu damu, na kwa mtoto mdogo inapanda kichwani. Hayo maneno anayoyasahau, ni yenyewe."

"Atayakumbuka tena?"

Nesi alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Inategemea tutaizuia mapema kiasi gani. Daktari atamwanzishia dawa. Lakini dawa itakuwa kazi bure ikiwa huko nyumbani bado anaila. Kuna kitu kwenu kinamlisha risasi kila siku, mama. Kila siku. Kitafuteni."

Katika maneno yote hayo, Mama Siagi alitoka na moja tu: wanja.

Kabla ya jioni habari ilikuwa imeshaenea. Kwa nini isienee? Foleni ya kliniki ile nusu yake ilikuwa wateja wake. Muuza maji alimpigia saluti. Jirani alimwuliza kama ameshanunua fulana ya kuzuia risasi. Watoto walimnyooshea vidole, pa pa pa, wakaanguka chini wakijifanya wamekufa. "Mama Siagi, nani kampiga?" ikawa salamu ya mtaa. Akawaacha wacheke. Yeye alikuwa na lake la kumaliza nyumbani.

Mkamwana alipofika hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Ni wanja wako, Mama Kipusa. Nilisema. Nilisema na nikaonekana mshamba."

Mama Kipusa alisimuliwa aliyoyasema nesi. Kisha akaingia ndani, akatoka na kichupa cha wanja, akakiweka mezani kana kwamba kinauma. "Mimi?" alisema. "Mimi ndiye ninayemfanyia hivi mwanangu? Kwa mikono yangu?" Akalia kilio cha kujikunja, na Mama Siagi, ukweli usemwe, hakujisikia vibaya sana. Alijisikia mwepesi. Kosa lilikuwa limepata mwenyewe.

Baada ya kulia, mkamwana alifuta uso, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, nisikilize. Wanja nimeacha. Lakini kama kuna kitu kingine ndani ya nyumba hii kinachommaliza mwanangu, nitaondoka naye niende kwa mama yangu. Sitaangalia ni cha nani."

"Na uondoke," alisema Mama Siagi, kwa uhakika wa mtu anayejua si chake.

Afisa wa afya aliyetumwa na kliniki alikuja na begi lake la vichupa. Alikwangua rangi ya kitanda cha mtoto, akachota maji ya bomba, akazoa vumbi la uani, akauchukua wanja. Mwisho akasimama kwenye mlango wa chumba cha kazi, akavuta harufu, akatabasamu.

"Kuna chakula anachokula kila siku?"

"Kuna haya mafuta ya kupikia," Mama Siagi alimsukumia chupa. "Tunanunua ya kupimiwa dukani, sijui wanayachota wapi. Hayo yapime sana!"

"Na hii siagi?"

"Hii?" Alicheka kweli kweli, kwa mara ya kwanza siku nyingi. "Baba, hii naitengeneza mwenyewe, unaniona. Karanga na chumvi, basi."

"Naijua," alisema afisa. "Kwangu hawali nyingine." Akafunga begi, akasema majibu yatachukua muda wake, akaaga. Na mimi nikifika hapa kwenye hadithi hii huwa natamani kumshika ule mkono, nimrudishe pale mlangoni. Lakini alikwenda zake, na kopo la zawadi kwapani.

Wakakaa wakisubiri. Kitanda kilitolewa nje kikaachwa mvuani, mtoto akalala na mama yake chini. Wanasesere wa rangirangi walitupwa. Mafuta ya kupimiwa yakamwagwa, yakanunuliwa ya chupa iliyofungwa. Mama Kipusa alianza kunawisha mikono ya mtoto kila akigusa kitu, akawa hamwamini mtu wala kijiko, anapita nyumbani akinusa pembe zote. Kipusa alimeza dawa ya kliniki, bibi akampa kijiko cha siagi kuondoa uchungu mdomoni.

Wakarudi kupima damu tena, safari hii wote watatu. Nesi aliisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma upya.

"Haijashuka," alisema. "Imepanda. Bado anaila, jamani. Mnampa nini?"

Njiani kurudi, mkamwana alitembea mbele na mtoto mgongoni, bila kugeuka nyuma hata mara moja, na Mama Siagi alielewa kwamba nguo zilikuwa zimeshaanza kukunjwa moyoni. Alimpenda mjukuu yule kuliko pumzi yake. Bila yule mtoto kwenye kigoda, ile mashine ingekuwa inamsagia nani? Usiku hakupata usingizi, alihesabu kila kitu cha nyumba ile, kuanzia bawaba za mlango, na kila kimoja akakituhumu.

Siagi nayo, kama vile imeambiwa, ikaanza kutoka mbaya. Ilikuwa na chenga, karanga nyingine zinapita nzima nzima. Ikabidi amwite fundi.

Fundi huyo watu walimwita Dawa. Hakuna alichokishindwa, na kila alichokitengeneza alisema neno lile lile: "Usiwe na wasiwasi, nimekitia dawa." Sufuria iliyotoboka anaitia dawa, bomba linalovuja analitia dawa, redio iliyokufa anaitia dawa. Jiwe la juu la mashine ya Mama Siagi lilipopasuka zamani, wengine walimwambia anunue jipya, na jipya halipatikani. Dawa akalitia dawa, mashine ikafanya kazi siku ile ile. Tangu hapo, ikianza kusumbua anaitwa, anaitia nyingine, anapewa na kopo la siagi aende nalo kwa watoto wake.

Alikuja na sanduku lake, mluzi mdomoni. "Mama Siagi! Nani kampiga?"

"Achana na hayo, fundi. Fungua mashine."

Alifungua boliti, akalinyanyua jiwe la juu kwa misuli yote, akalilaza chali sakafuni. "Aa," alisema, kidole ndani ya ufa. "Dawa imekwisha tena, mama. Hebu ona."

Mama Siagi alisogea. Alilijua jiwe lake. Ufa ulikata kutoka ukingoni hadi kwenye tundu la katikati, na fundi alikuwa akiujaza kitu cha kijivu, kinachong'aa kikiwa kipya, kikawa sawasawa na uso wa jiwe. Sasa ulikuwa mtupu. Mfereji mtupu, umepakwa siagi ndani, na kwenye kingo zake vijimabaki vidogo vya kijivu.

"Juzi juzi tu si uliujaza?"

"Tena niliujaza ukafurika."

"Sasa imekwisha imekwenda wapi?"

Aliuliza kwa kulalamika tu, kama mtu anayelalamikia sabuni iliyoisha haraka. Fundi akacheka. "Mama nawe! Iende wapi? Imesagika."

Imesagika. Neno lile aliishi nalo, aliliamkia na kulilalia. Kilichosagika kinatoka pembeni, kwenye ulimi wa bati.

"Fundi," alisema polepole. "Hiyo dawa yako, hasa ni kitu gani?"

"Si risasi tu," alisema Dawa, akitoa kwenye sanduku upawa mweusi ulioungua. "Nanunua betri kuukuu, nazipasua, nayeyusha, namimina. Inashika kuliko saruji. Nina ya leo leo hapa, washa jiko."

Aliketi juu ya gunia la karanga, na kwa muda mrefu hakuona kitu ila ule mfereji mtupu. Aliona vijiko. Kijiko cha asubuhi, cha mchana, cha jioni, cha kuondoa uchungu wa dawa. Kidole chake mwenyewe, kando ya barabara, siku ile ya kukimbilia kliniki. Kisha akasikia kitu kinagonga meno, akageuka. Kipusa alikuwa kwenye kigoda, na kijiko mdomoni, anakilamba nyuma na mbele kwa makini.

Alimrukia akakipokonya. Mtoto akapiga ukelele wa kuogofya, akajitupa chini. Fundi alitoa macho. "Mama! Nimekosea nini?"

"Uliniambia dawa."

"Ndiyo, dawa. Mimi kila kitu nakiita dawa."

"Hiyo ndiyo inayommaliza huyu. Risasi ya kliniki ndiyo hiyo hiyo!"

Dawa alimtazama mtoto, akautazama upawa, akatabasamu nusu, akingoja aambiwe ni mzaha. Haukuja. "Mama, mbona hata mimi watoto wangu..." alianza, akaacha. Alikusanya vyombo vyake bila kuvipanga, akaondoka na sanduku wazi. Kopo la siagi alilopewa alipoingia alilisahau juu ya kizingiti, au hakulisahau.

Haya. Mama Siagi akabaki na mjukuu anayelia, jiwe chali, na rafu ya makopo yaliyojaa, vifuniko vimefungwa vizuri. Na sikufichi, lililomjia kwanza kichwani halikuwa zuri. Alifikiri: nani anajua? Fundi hatajitangaza. Nitasema mota imeungua, nimechoka, nimestaafu. Mtoto hatalambishwa tena, damu itasafika, maneno yatarudi. Wanja utabaki na lawama zake. Mama Kipusa hataondoka, Kipusa atabaki hapa kwenye kigoda. Nani atakuwa ameumia? Alilipanga vizuri, akaona linapita. Akaanza hata kutafuta bisibisi ya kuharibia mota.

"Hodi humu!"

Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke kijana, mtoto wake mchanga kiunoni, mate yanamtoka, jino la kwanza limechomoza.

"Mama Siagi, nipe kopo kubwa. Huyu bwana kaanza kula. Nimeambiwa nimchanganyie siagi ya karanga kwenye uji."

"Hakuna."

"Hakuna vipi, si yale pale?"

"Usichukue. Yale yana risasi."

Jirani alimkodolea macho kidogo. Kisha akacheka, akacheka mpaka mtoto kiunoni naye akacheka. Akageukia uchochoroni akapaza sauti: "Jamani, njooni! Safari hii imepigwa siagi!" Kule nje watu wakadakia, nani kaipiga, nani kaipiga. "Mama, utatuua kwa vichekesho wewe," alisema, na huku anafuta machozi akanyoosha mkono kwenye rafu, akashika kopo.

"Nakwambia kweli! Usimpe mtoto!"

"Haya, haya. Karanga, chumvi, na risasi, basi!"

Pale sakafuni Kipusa aliinua kichwa. Alisikia kitu alichokijua. Mdomo ukafunguka, uso ukang'aa kidogo kama zamani.

"Karanga na..." alisema.

Wote wawili walimgeukia.

"Karanga na..." Alikunja uso. Alitazama dari, akatazama viganja vyake, akamtazama bibi yake amsaidie. "Karanga na..."

Chumvi ilikuwa imepotea. Ilikuwa imetoka kwenye kichwa kile kidogo, na Mama Siagi alijua ni nani aliyeitoa. Alilichomoa kopo mkononi mwa jirani kwa nguvu hadi kucha ikamchana mwenzake. Akayashusha makopo yote kwenye rafu, akayafungua moja baada ya jingine, akachukua dumu la mafuta ya taa na kumimina ndani ya kila kopo, asije mtu akachota nyuma ya mgongo wake. Mikono inafanya kazi, machozi yanadondoka humo humo. Jirani aliacha kucheka. Alirudi nyuma hadi mlangoni, kiganja chake kimefunika mdomo wa mwanawe.

"Mama Siagi," alisema. "Hata lile la mwezi uliopita?"

"Hata lile."

Jioni Mama Kipusa alipokelewa na harufu ya mafuta ya taa tangu getini. Aliingia mbio chumba cha kazi. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, mama mkwe ameketi sakafuni kando ya jiwe.

"Kuna nini? Ameungua?"

"Hajaungua. Kaa, mwanangu."

"Sikai. Niambie."

"Siku ile kliniki niliuliza nani kampiga mtoto risasi. Watu wakacheka."

"Mama, ya nini kuyarudia hayo?"

"Nimempata aliyempiga," alisema Mama Siagi. "Ni mimi."

Akamweleza. Hakujitetea, hakumtaja fundi ila palipobidi. Alimshika mkamwana mkono, akamwongoza kidole kwenye ufa, kama alivyofanya fundi. Mama Kipusa alikipitisha kidole chote, kutoka ukingoni hadi katikati.

"Tangu lini?"

"Tangu lilipopasuka. Alikuwa hajaanza kutembea."

"Na wanja wangu?"

"Wanja wako sijui. Nilikutupia wewe kwa sababu sikutaka iwe kwangu."

Mkamwana hakupiga kelele, na Mama Siagi angelipa chochote apige. Alikwenda ndani, kabati likasikika likifunguliwa. Mama Siagi akamfuata, akasimama mlangoni, kisha akaingia akaanza kumkunjia nguo za mtoto, moja moja, na mkamwana akazipokea bila kumtazama.

"Hilo jiwe nitamwita afisa aje alichukue," alisema Mama Kipusa hatimaye. "Na kesho sitakwenda kazini. Nitapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wapeleke watoto wapimwe. Wewe wakikuona watacheka tu."

"Ahsante, mwanangu."

"Usinishukuru, mama. Tafadhali usinishukuru."

Walimwinua Kipusa, wakamfunga mgongoni kwa mama yake. Alizinduka katikati, macho mazito. Alimwona bibi amesimama kwenye mwanga wa taa, mikono mitupu, na mkono wake mdogo ukatoka kwenye kanga, umefunguliwa, kama alivyouzoesha.

"Bibi. Siagi."

Lile neno hakuwa amelisahau.

"Imekwisha, mama," alisema Mama Siagi.

Kipusa aliitazama rafu tupu, akautazama ulimi wa bati uliokuwa umefutwa.

"Imekwenda wapi?"

Bibi yake alijua.